Fedha Iliyoazima Njia

Kesi ya vichujio ilikuwa na umri wa siku mbili, mtuhumiwa mmoja na jokofu moja. Jokofu ndilo lililokuwa ushahidi mkuu.

"Jipya kabisa, Afande," alisema Koplo, akiwa amesimama mbele ya meza ya Inspekta huku kifua kimetangulia. "Milango miwili. Linatoa barafu lenyewe. Mhasibu wa hospitali, mshahara wake tunaujua, anapata wapi jokofu linalotoa barafu lenyewe?"

Kituo kizima kilimwita Tayari, kwa sababu hapakuwahi kutokea kesi iliyomchukua zaidi ya dakika kumi kumjua mkosaji. Kwamba wakosaji wake wote huachiwa baadaye ni jambo dogo, na halijawahi kumpunguzia hamu ya kula.

Inspekta alinyoosha mkono. Koplo akampa stakabadhi ya duka. Inspekta aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma na nyuma, kama alivyosoma kila karatasi tangu siku alipovaa magwanda.

"Hapa pameandikwa awamu ya kwanza kati ya kumi na mbili," alisema. "Na tarehe ni wiki tatu kabla ya fedha za hospitali kutoka. Mwizi anayekopa jokofu kabla ya kuiba?"

"Mwizi mwenye mipango, Afande."

Inspekta aliiweka stakabadhi kwenye faili, akavaa kofia.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Wiki tano nyuma, hospitali ililipia vichujio vya mashine za kusafisha damu. Muuzaji yuko nchi jirani, mwendo wa saa nne kwa lori. Fedha zilitoka hospitalini, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba hajaona hata senti, na bodi ya hospitali, baada ya kushtuka kwa pamoja, ikageuka kwa pamoja kumtazama Mhasibu. Sasa Mhasibu yuko mahabusu. Wagonjwa wanaoishi kwa mashine zile ni ishirini na mmoja. Vichujio vilivyobaki vitakwisha Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi.

Mgonjwa mmoja kati ya hao ishirini na mmoja alikuwa shangazi yake Inspekta. Inspekta alikwishamweleza hivyo mkuu wa kituo, kwa maandishi, akiomba kesi apewe mwingine. Mkuu wa kituo alijibu kwa mdomo kwamba katika mji huu hana askari asiye na shangazi pale hospitalini.

Mhasibu alikuwa amekaa kwenye benchi la seli ya pili, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno.

"Nieleze tena," alisema Inspekta.

"Nimeeleza mara sita, Afande. Nilijaza fomu. Mganga Mkuu akasaini. Nikaipeleka benki, benki wakagonga muhuri. Nakala ninayo, mmeichukua. Baada ya ule muhuri fedha si zangu tena."

"Ni za nani?"

"Hapo ndipo na mimi ningependa kujua. Mkishajua mniite tu, mimi sitoki."

Koplo alikohoa. "Na jokofu?"

"Mwanangu anatumia dawa inayotaka baridi, kaka. La zamani lilikufa. Au ulitaka niiweke kwenye kofia yako?"

Koplo aliishika kofia yake bila kujua kwa nini.

*

Wodi ya mashine ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu uliosuguliwa kwa dawa. Vitanda sita, mashine sita, na kila mashine ikiguguna taratibu kama mtu anayetafuna bila kufungua mdomo. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa Shangazi, miwani puani, mkono umefungwa mirija. Alikuwa katibu wa hospitali hiyohiyo miaka ishirini na sita, akastaafu mwezi wa pili, na figo zake zikastaafu mwezi wa tatu.

"Kijiti!" aliita, kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa wote watano. "Umenenepa, binti yangu! Au ni hayo magwanda?"

"Shikamoo, Shangazi. Niko kazini."

"Marahaba. Na huyu ndiye yule anayefunga watu wa watu?"

"Shikamoo, Bibi," alisema Koplo.

"Marahaba, mwanangu. Mfungulie yule binti. Nimefanya naye kazi miaka tisa. Hajui kuiba. Hata kalamu ya ofisi alikuwa anairudisha, ikiwa imeisha wino."

Inspekta alifungua daftari. Aliuliza nani hupokea barua za hospitali, nani hushika mihuri, nani huingia ofisi ya uhasibu. Shangazi alijibu kila swali na mawili ambayo hakuulizwa. Katibu mpya hajui kupanga mafaili. Chai ya wauguzi siku hizi ni maji ya moto yaliyoonyeshwa jani. Na watu wa nje nao wamekosa adabu.

"Watu gani wa nje?"

"Wote! Zamani ukimtumia mtu kitu cha mwaka mpya, anajibu. Ile benki ya mbali ilikuwa inanitumia kadi, ina picha ya daraja, asante sana bibi katibu. Mwaka huu kimya. Hata ahsante ya uongo! Kijiti, mbona huandiki?"

"Nakuandika, Shangazi."

Hakuwa akiandika. Alikuwa akihesabu maboksi yaliyobaki chini ya meza ya muuguzi. Yalikuwa matatu.

"Na mimi ni Ijumaa zamu yangu nyingine," alisema Shangazi, akifuata macho yake. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nimesikia Alhamisi. Mimi ni Ijumaa."

*

Mkuu wa kitengo cha fedha za kigeni pale benki alikuwa kijana mwenye tai nyekundu. Kitengo kilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa likizo. Aliwaketisha, akawapa maji, akachapa karatasi yenye mistari mitatu.

"Malipo yalitoka vizuri," alisema. "Mstari wa kwanza, benki yetu, muhuri na tarehe. Mstari wa tatu, benki ya muuzaji. Hapo patupu. Kwa hiyo kosa litakuwa kwao."

"Umeruka wa pili," alisema Inspekta.

"Wa pili ni wa kupitia tu."

"Kupitia wapi?"

Tai Nyekundu aliitaja nchi. Koplo aligeukia ramani ya dunia iliyokuwa ukutani. Aliweka kidole gumba juu ya nchi yao, kidole kikaifunika pamoja na nchi ya muuzaji, na nafasi ikabaki. Kisha akaanza kuitafuta ile nyingine. Ilibidi asogeze kiti na kupanda.

"Afande," alisema kutoka juu. "Huku kuna bahari katikati."

"Shuka, Koplo." Inspekta hakuondoa macho kwenye karatasi. "Muuzaji yuko saa nne kutoka hapa. Naweza kuondoka sasa na kula naye chakula cha jioni. Kwa nini fedha yake inavuka bahari?"

"Kwa sababu anataka kulipwa kwa fedha ile."

"Ile ni ya kwao?"

"Hapana."

"Ni ya kwetu?"

"Hapana, Afande."

"Basi ni ya nani?"

"Ni ya wenyewe."

Koplo, ambaye alikuwa bado hajashuka, alitoa sauti ndogo.

"Na haivuki hasa," aliendelea Tai Nyekundu, akiona anaeleweka. "Fedha yao haitoki kwao. Sisi tuna akaunti kule, na benki ya muuzaji ina akaunti kulekule. Mkilipa, wanaitoa droo moja wanaitia droo nyingine, jengo hilohilo. Ni kama wapangaji wawili mnaotazamana vyumba. Ukitaka kumpa mwenzako chumvi, unaipitishia chumbani kwa mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba akifunga mlango?"

"Mnakula bila chumvi."

Inspekta aliweka kalamu chini. Alikuwa amehoji wezi wa mifugo, wezi wa nyaya na mchungaji mmoja, na kalamu hiyo haikuwahi kuwekwa chini katikati ya maelezo.

"Kwa nini asipokee tu fedha yetu?" aliuliza Koplo.

"Wewe akija mtu na fedha ya nchi yake, utaipokea?"

"Naipokea."

"Utanunulia nini?"

Koplo alifikiri kwa muda wa kutosha. "Nitaitunza."

"Kama picha."

"Kama picha," alikiri Koplo.

"Sasa, mafuta yana bei kwa fedha ile. Ngano, dawa, vipuri, kila kitu. Kila mtu anaipokea kwa sababu kila mtu anaipokea."

"Hilo ndilo jibu?" aliuliza Inspekta.

"Nimesomea miaka mitatu, Afande, na hilo ndilo jibu. Waliosoma mwaka wa nne wanasema na meli za vita nazo zinasaidia."

Inspekta aliivuta karatasi karibu. "Mstari wa kwanza una tarehe mbili, kuingia na kutoka. Huu wa pili una ya kuingia tu. Imeingia chumbani kwa mwenye nyumba wiki tano zilizopita. Haijatoka."

Tai Nyekundu alitazama. Akatazama tena kwa karibu. Rangi ilianza kumtoka usoni, polepole, kuanzia kwenye masikio.

"Wakizuia kitu huwa wanaandika," alisema. "Kuna sanduku la barua pepe. Ila huwa analifungua mwenzangu."

"Aliye likizo."

"Aliye likizo."

"Lifungue wewe."

Ilichukua dakika ishirini kuitafuta nywila, ambayo hatimaye ilipatikana imebandikwa chini ya kibodi ya mwenzake. Barua ilikuwamo. Ilikuwa imekaa humo siku thelathini na moja, haijafunguliwa. Tai Nyekundu aliisoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila sentensi.

"Malipo yamezuiwa. Mlipaji ameonekana kuwa na uhusiano na kampuni iliyo katika orodha yetu ya makatazo. Uchunguzi utachukua siku tisini, na unaweza kuongezwa. Kiambatisho kimoja."

"Siku tisini," alisema Inspekta.

"Na unaweza kuongezwa," alisema Koplo.

"Chapa kiambatisho."

Mashine ya kuchapa ilinguruma, ikatema karatasi ya rangi. Wote watatu waliinama juu yake. Nje, mtu aliita namba ya mteja mara tatu, na mteja hakujibu.

Ilikuwa picha ya uwanja wa nyuma wa hospitali. Katikati lilisimama jenereta la kijani, kubwa kama kibanda, na ubavuni mwake jina la watengenezaji kwa herufi za ukubwa wa mbuzi. Mganga Mkuu alikuwa anakata utepe. Kushoto, akilinda usalama wa shughuli ile, kofia imenyooka, meno yote nje, alisimama Inspekta mwenyewe. Chini ya picha zilipangwa tarehe thelathini za mwezi wa tisa.

"Afande," alinong'ona Koplo, "umetoka vizuri."

"Ni kalenda," alisema Inspekta. "Ni kalenda ya hospitali."

Jenereta lile lilikuwa zawadi. Lilitoka nchi nyingine ya mbali, na nchi hiyo na wenye fedha ile hawapikiki chungu kimoja. Jambo hilo lilikuwa linajulikana na kila msikilizaji wa taarifa ya habari. Lakini siku ya kukata utepe umeme ulikuwa umekatika siku nne mfululizo, na hakuna aliyeulizia ugomvi wa wakubwa.

"Tumevunja sheria gani ya nchi hii?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna."

"Ya nchi ya muuzaji?"

"Hakuna, Afande."

"Mwizi wa mabati nampa nafasi ya kujitetea. Hawa wanakatiwa rufaa wapi?"

"Kwao," alisema Tai Nyekundu.

Koplo alikuwa ameshuka kwenye kiti zamani, lakini sasa alisimama wima. "Basi tukamkamate huyo mwenye benki."

"Nauli unayo?"

Koplo alirudi kukaa.

*

Kalenda ilikuwa kila mahali. Inspekta aliiona mapokezi, duka la dawa, mlango wa choo cha wauguzi. Alikuwa amepita mbele yake asubuhi ileile mara nne, akijitazama mwenyewe akicheka, bila kusalimiana.

Swali lilibaki moja: ilifikaje kule?

Katibu mpya, ambaye kweli hakujua kupanga mafaili, alichukua nusu saa kulitoa daftari la posta. Inspekta alifunua hadi mwezi wa kumi na mbili. Kalenda sitini na tatu zilitumwa, kila moja na mstari wake. Kiwanda cha oksijeni. Wizara. Muuzaji wa vichujio. Mstari wa arobaini na saba ulikuwa ile benki, na anwani kamili, jengo na ghorofa. Mwandiko ulikuwa wa mlalo, herufi zimeshikana mikono, kila nukta imewekwa kwa heshima. Pembeni paliandikwa kwa wino mwekundu: *Anwani imenakiliwa chini ya risiti zao. Wasisahauliwe.*

Inspekta alikuwa akiujua mwandiko ule tangu alipokuwa darasa la kwanza. Ndio ulioandika jina lake kwenye madaftari yote ya shule, kwa miaka saba, kwa sababu mama yake hakuwa na mwandiko mzuri.

Alilifunga daftari. Akalifungua tena, akahakiki mstari. Akalifunga.

"Ni nani, Afande?" aliuliza Koplo. "Tayari?"

"Nenda kituoni kamfungulie Mhasibu," alisema Inspekta. "Sasa hivi. Na umrudishie stakabadhi yake kwa mikono miwili."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Koplo aliondoka bila kujua mkosaji.

Mganga Mkuu alisikiliza habari nzima akiwa amesimama. Ilipofika kwenye kalenda aliketi. Ilipofika kwenye siku tisini alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akaivua tena kama aliyeona haisaidii.

"Siku tisini," alisema. "Mimi nina siku mbili. Walituma picha yetu wenyewe?"

"Tuliwatumia sisi. Mpigie muuzaji, Daktari. Weka sauti nje."

Muuzaji alipokea kwa mlio wa kwanza, na aliyoanza nayo ni viapo. Mganga Mkuu alimkatiza, akamweleza. Upande wa pili zilisikika hatua, kisha mlango ukifunguliwa.

"Ndugu yangu," alisema muuzaji hatimaye, "mzigo wenu uko hapa. Nauona ninavyozungumza na wewe. Umefungwa, umeandikwa jina lenu. Lakini na mimi kiwandani wananidai kwa fedha ileile."

"Pokea fedha yetu. Leo, taslimu."

"Daktari, fedha yenu siitaki. Usikasirike, hata ya kwetu siitaki sana."

Mahali fulani ndani ya jengo taa zilizimika. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake ya mchana. Wote wawili pale ofisini walizuia pumzi kwa pamoja na kuhesabu. Walipofika tano, kule uwanja wa nyuma jenereta la kijani lilikohoa na kushika, na taa zikarudi.

"Ni nini hicho?" aliuliza muuzaji.

"Jenereta."

"Linawaka haraka hivyo? Mimi huku nina vyumba vya baridi viwili vya dawa, na umeme wetu ni kama mgeni wa heshima. Juzi nimemwaga sindano za watoto, Daktari. Nimezimwaga kwa mikono yangu."

Inspekta na Mganga Mkuu walitazamana. Kwenye ukuta, Inspekta wa mwezi wa tisa aliendelea kuonyesha meno.

"Jenereta lile la zamani bado linawaka?" aliuliza Inspekta kwa sauti ya chini.

"Linakohoa. Lakini linawaka."

"Mashine sita linazibeba?"

"Sita, ndiyo. Ila viyoyozi vyote itabidi vife. Na ofisi hii."

Mganga Mkuu aliinama kwenye simu. Walikubaliana kwa dakika saba, bila fedha ya mtu yeyote kutajwa: vichujio vya miezi minane, kwa jenereta moja. Wakutane mpakani Alhamisi, saa nne asubuhi. Barua ya wizara Mganga Mkuu angeifuata mwenyewe, kwa miguu kama ikibidi.

"Lakini ujue," alisema Inspekta, kwa kuwa askari hana budi kuonya, "hilo jina ubavuni ndilo lililotufungia njia. Linaweza kukufungia na wewe."

"Mama," alisema muuzaji, "mimi sichapishi kalenda."

*

Alhamisi, saa moja asubuhi, winchi ililinyanyua jenereta la kijani na kulilaza juu ya lori. Koplo alipanda mbele na dereva, amebeba bunduki na sanduku la maandazi. Ubavuni mwa jenereta, juu ya yale maandishi ya ukubwa wa mbuzi, mtu alikuwa ametandaza shuka mbili za wodi, na Inspekta hakuuliza ni nani.

Alikuwa amemaliza kuandika ripoti. Penye *Jina la mkosaji* aliweka mstari. Penye *Makazi ya mkosaji* aliweka mstari mwingine. Penye *Kosa* alikuwa amekaa muda mrefu, halafu akaandika kwamba fedha iliazima njia, na mwenye njia akafunga.

Shangazi alikuwa ameletwa na kiti cha magurudumu hadi dirishani, akitaka kuona kelele ni za nini.

"Linapelekwa wapi, jamani? Tumelizindua juzi tu!"

"Linakwenda kulipa, Shangazi. Vichujio vinafika leo. Kesho zamu yako iko palepale."

Shangazi alilifuata lori kwa macho mpaka likapinda getini. Kisha akaushika mkono wa Inspekta na kuupigapiga.

"Nilijua utampata, Kijiti. Ni nani mwizi?"

"Hapakuwa na mwizi."

"Hapakosi mwizi." Alirekebisha miwani. "Haya. Huyu katibu mpya, mwambie mwaka huu kalenda nitaziandika mimi, hapahapa kitandani, mkono huu mmoja mzima. Yeye ataharibu. Na ile benki ya mbali niwatumie mapema. Nadhani ile ya mwaka huu haikufika, ndiyo maana hawakujibu."

Inspekta alitazama uwanja wa nyuma, mahali ambapo palikuwa na mstatili mkavu wa saruji.

"Ilifika, Shangazi," alisema.